Bibi Aliyeimbia Nchi Iliyoshindwa

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 5 Juni 1967, ndege za kivita za Israel ziliruka chinichini juu ya bahari ya Mediterania, zikazunguka na kuingia Misri kutoka upande ambao haukutazamiwa. Mpaka siku hiyo inakwisha, ndege za Misri zipatazo 300 zilikuwa zimeteketea, nyingi zikiwa bado chini uwanjani. Aliyekuwa Cairo siku hiyo, redio sikioni, hakuyasikia hayo. Alimsikia Ahmed Said, mtangazaji mashuhuri wa Sauti ya Waarabu, akitangaza idadi ya ndege za adui zilizotunguliwa, na kila taarifa ikizidi ile iliyotangulia. Watu wakashangilia mitaani ushindi ambao haukuwapo.

Ukweli uliingia mjini kwa miguu, pamoja na askari waliokuwa wakirudi kutoka Sinai, wengine bila viatu. Tarehe 9 Juni Rais Gamal Abdel Nasser alitokea kwenye televisheni, uso umemshuka, akatangaza kujiuzulu. Usiku huohuo watu walimiminika barabarani kumtaka abaki, na kesho yake akabaki. Lakini Sinai yote ilikuwa imekwenda, Gaza imekwenda, Mfereji wa Suez umefungwa, na wanajeshi wa Misri waliouawa wakikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000.

Katika mtaa wa Zamalek, kwenye kisiwa kilicho katikati ya Nile, mwanamke aliyekuwa amepita miaka 60 alijifungia nyumbani kwake. Husimuliwa kwamba alishuka hadi chumba cha chini cha jumba lake akakaa humo siku kadhaa, hataki kuonana na mtu. Jina lake lilijulikana kuanzia Casablanca hadi Baghdad, ingawa Wamisri wengi hawakuwa na haja ya kulitaja. Walisema tu al-Sitt, Bibi, na kila mtu akaelewa kuwa anayesemwa ni Umm Kulthum.

Alipotoka, alikuwa na shauri moja: ataimba, na mapato yote yatakwenda kwenye hazina ya vita. Huenda msomaji akadhani kwamba alianza kuimba nyimbo za bunduki na bendera. La hasha. Nyimbo za namna hiyo alikuwa nazo, na baada ya vita aliongeza nyingine chache. Lakini zilizojaza kumbi, zilizowatoa wanaume machozi na kuwafanya wasimame na kulitaja jina la Misri, zilikuwa za mapenzi: mpenzi aliyeondoka, ahadi iliyovunjika, usiku usiokwisha. Ili kuona namna wimbo wa mtu aliyeachwa na mpenziwe unavyoweza kugeuka kuwa wimbo wa nchi iliyonyang'anywa ardhi, hatuna budi kurudi nyuma miaka mingi, hadi kijiji kimoja cha Delta ya Nile.

Kijiji hicho ni Tamay al-Zahayra, jimbo la Dakahlia. Baba yake, Sheikh Ibrahim, alikuwa imamu wa msikiti, na ili kuongeza riziki alikuwa akienda kusoma maulidi na kasida katika harusi na sherehe za vijiji vya jirani. Alimfundisha mwanawe wa kiume, Khalid. Binti alikaa pembeni akasikiliza, akashika yote. Siku baba alipogundua sauti iliyokuwamo ndani ya nyumba yake, alimchukua waende naye, ila akamvisha mavazi ya kiume, joho na kilemba cha Kibedui, maana haikuwa heshima binti wa sheikh kusimama mbele ya wanaume na kuimba. Kwa hiyo kabla ya kujua lolote kuhusu jukwaa, mtoto huyo alikuwa amejifunza tajwidi. Alijua kuitamka kila herufi mahali pake na kulifikisha neno sikioni likiwa zima. Waliomsikia maisha yake yote walisifu jambo hilo kabla ya kuusifu ukubwa wa sauti yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 familia ilihamia Cairo. Wakati huo Misri ilikuwa imetoka kwenye mapinduzi ya umma ya 1919 dhidi ya Waingereza, ikapewa uhuru wa jina tu mwaka 1922, huku majeshi ya Uingereza yakibaki. Mji ulijaa kumbi za starehe na nyimbo nyepesi, na huyu binti wa kijijini aliyevaa kama mvulana na kuimba kasida alichekwa. Alijifunza upesi. Sheikh Abu al-Ila Muhammad alimfundisha uimbaji wa kale wa mashairi. Ahmad Rami, mshairi aliyesoma Paris na kuzitafsiri rubai za Omar Khayyam kutoka Kiajemi, alimfundisha fasihi na kumwandikia nyimbo zaidi ya 100. Muhammad al-Qasabgi, bingwa wa udi, alimtungia lahani, kisha akabaki nyuma yake kama mpiga udi wa kawaida hadi alipofariki mwaka 1966.

Mwaka 1934 redio ya taifa ya Misri ilifunguliwa, na katika miaka iliyofuata ikazuka desturi iliyodumu zaidi ya miaka 30: Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, katika msimu wote wa maonyesho, Umm Kulthum aliimba ukumbini na redio ikarusha moja kwa moja. Mitambo ilipoimarishwa, sauti hiyo ilifika nchi zote za Waarabu kwa saa ileile. Barabara zilikuwa tupu. Husemwa kwamba Nasser, ambaye hakuwa mjinga wa mambo ya umma, alipenda kuhutubia taifa karibu na saa ya tamasha, akijua kwamba redio zote zimekwisha kufunguliwa.

Tamasha lenyewe halikuwa kama linavyodhaniwa na mtu aliyezoea nyimbo za dakika tatu. Usiku mzima ulikuwa na nyimbo mbili au tatu tu, na kila mmoja ungeweza kuchukua saa nzima au zaidi. Huanza ala: fidla, kanuni, nai, udi, rika. Bibi amekaa kitini, leso mkononi, anasikiliza kama wengine. Kisha anasimama, anaimba ubeti, na watu wanapiga kelele. Wanataka aurudie. Anaurudia, lakini haurudii vilevile. Anabadili mkato, anapanda pale aliposhuka, anahama kutoka ngazi moja ya sauti, yaani maqam, hadi nyingine na kurudi nyumbani kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Watu wanalipuka tena. Ubeti mmoja unaweza kurudiwa mara nyingi hivyo, na urefu wa wimbo unaamuliwa na watu walioketi pamoja na anayeimba. Katika nchi ambayo raia walizoea kuambiwa na kuamriwa, tangu enzi za wafalme hadi za maofisa, ukumbi huo ulikuwa mahali adimu ambapo umati uliomba na ukapewa. Nadhani hapo ndipo penye siri kubwa ya habari hii, kuliko hata katika maneno ya nyimbo zenyewe.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa sana. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni, na mwaka 1905 kikaanzishwa Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu ambayo mpaka leo ipo. Nyimbo za Misri zilipigwa Zanzibar kwa Kiarabu chake, kutoka kwenye sahani za santuri na filamu, na kelele za wasikilizaji wa Umm Kulthum ni ndugu wa hamasa inayomwinua mtu kitini pale Unguja au Mombasa aende jukwaani kumtunza mwimbaji. Kuanzia 1954 Redio Cairo ikatangaza pia kwa Kiswahili, ikiwashambulia wakoloni wa Kiingereza wakati wa vita vya Mau Mau, kwa hasira kubwa ya serikali ya London. Kwa hiyo wazee wengi wa mwambao waliipata Cairo kwa milango miwili, siasa na taarabu, na si ajabu kwamba vichwani mwao mambo hayo mawili hayakuachana.

Dalili ya kwanza kubwa kwamba tamasha la Bibi lingeweza kuwa jambo la taifa ilionekana katikati ya miaka ya 1940. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha na Wamisri walitaka Waingereza waondoke. Februari 1946 wanafunzi waliandamana Cairo na wakapigwa vibaya kwenye Daraja la Abbas. Majeshi ya Uingereza yalikuwa bado kwenye kambi ya Qasr al-Nil, kitovuni mwa mji. Katika kipindi hicho Umm Kulthum alichukua mashairi ya Ahmed Shawqi, mshairi aliyewahi kuhamishiwa Hispania na Waingereza na ambaye alifariki mwaka 1932, akamkabidhi Riyad al-Sunbati ayatie lahani. Mengi yalikuwa ya dini. Mojawapo, "Salu Qalbi", ni shairi la maulidi.

Hakuna mkaguzi wa serikali ambaye angeweza kulizuia shairi la kumsifu Mtume. Lakini ndani yake mna ubeti unaosema, kwa maana yake, kwamba mtu hapati anachokitaka kwa kukitamani bali kwa kukipigania. Alipoufikia ubeti huo ukumbini, watu waliacha kusikiliza maulidi. Walisikia habari ya kambi ya Qasr al-Nil. Ulidaiwa urudiwe, ukarudiwa, na baadaye ukawa unasemwa mitaani kama kaulimbiu. Shawqi, aliyeuandika miaka mingi kabla, hakuwa na habari ya 1946, na Umm Kulthum hakubadili hata herufi moja. Walioubadili wimbo ni wasikilizaji. Miaka michache baadaye, mwaka 1951, aliimba shairi la Hafiz Ibrahim ambalo Misri yenyewe inajisemea kama mtu anayeeleza nasaba yake, na hapo hapakuwa na fumbo tena.

Kati ya matukio hayo mawili kulikuwa na Faluja. Katika vita vya 1948 kikosi cha Misri kilizingirwa katika kijiji hicho cha Palestina kwa miezi kadhaa, na kikakataa kusalimu amri. Waliporudi mwaka 1949, Umm Kulthum aliwakaribisha nyumbani kwake. Miongoni mwa maofisa wa Faluja alikuwamo kijana mmoja mrefu, mwenye maneno machache, ambaye miaka mitatu baadaye angempindua Mfalme Farouk. Jina lake Gamal Abdel Nasser.

Mapinduzi ya Julai 1952 yalipofanikiwa, palikuwa na waliotaka Bibi anyamazishwe. Hoja yao haikuwa ya kubuni: alimwimbia mfalme, na mwaka 1944 Farouk alimpa Nishani ya Ukamilifu, heshima iliyokuwa ikipewa wanawake wa ukoo wa kifalme. Kuna kisa mashuhuri kwamba ofisa mmoja aliyepewa kazi ya kusimamia redio alizipiga marufuku nyimbo zake, na Nasser akamuuliza kwa nini basi asiende pia kuzibomoa piramidi, kwa kuwa nazo zilikuwapo enzi za wafalme. Kisa chenyewe husimuliwa kwa namna nyingi. Kinachojulikana bila shaka ni kwamba alirudi hewani, na kuanzia hapo jina lake na la Nasser yakawa yanatajwa pamoja.

Mwaka 1956 Nasser aliutaifisha Mfereji wa Suez. Oktoba mwaka huo Israel, kisha Uingereza na Ufaransa, wakaivamia Misri. Umm Kulthum aliimba "Wallahi Zaman Ya Silahi", maneno ya Salah Jahin na muziki wa Kamal al-Tawil, wimbo wa mtu anayeiambia silaha yake kuwa ameikumbuka. Wimbo huo ulikuwa wa vita hasa, mfupi, wa hatua za gwaride. Mwaka 1960 ukafanywa wimbo wa taifa, na hata Iraq ikautumia kuwa wake kuanzia 1965. Kwa mwimbaji yeyote mwingine hicho kingekuwa kilele.

Kwangu mimi kilele kilikuwa bado. Mwaka 1966 aliimba kwa mara ya kwanza "Al-Atlal", yaani Magofu, shairi la Ibrahim Nagi, daktari aliyekuwa pia mshairi na ambaye alifariki mwaka 1953. Sunbati ndiye aliyelitia muziki. Shairi ni la mtu anayezungumza na moyo wake kuhusu penzi lililobomoka. Katikati yake anamtaka mpenzi amfungue pingu na kumwachia huru. Ubeti huo Sunbati aliutengenezea mpando ambao sauti ya kawaida haiwezi kuupanda. Mwaka 1966 watu waliusikia kama maombi ya mpenzi, na wengine, kwa kuwa magereza ya Nasser yalikuwa na wafungwa wengi wa siasa, waliusikia kwa namna nyingine na wakanyamaza. Baada ya Juni 1967 hapakuwa na Mwarabu aliyeusikia bila kuifikiria ardhi iliyotekwa.

Safari ya kuchangisha ilianza mwezi Agosti 1967 Damanhur, mji wa Delta ambao si mkubwa wala si wa fahari, kisha ikaendelea Iskandaria na miji mingine. Uchaguzi huo haukuwa wa bahati. Damanhur ni nchi ya pamba na wakulima, watu ambao watoto wao ndio waliokuwa wamelala mchangani Sinai. Tiketi ziliuzwa ghali kwa wenye nacho, lakini waliobaki nao walitafutiwa njia. Wanawake walivua bangili, pete na mikufu wakatoa. Kwa mwanamke wa kijijini Misri, kama ilivyo kwa mwanamke wa pwani, dhahabu ndiyo akiba yake ya siku mbaya, na anapoitoa hutoa kinga yake mwenyewe. Bibi mwenyewe alivipokea, vikahesabiwa, akavikabidhi serikalini.

Kisha akaenda Paris.

Mazungumzo kuhusu tamasha la Olympia yalikuwa yameanza kabla ya vita. Bruno Coquatrix, mwenye ukumbi huo maarufu, alimtaka, naye akataka malipo ambayo ukumbi ulikuwa haujawahi kumlipa msanii. Kuna kisa kwamba Coquatrix aliuliza ataimba nyimbo ngapi, akaambiwa mbili au tatu, na akakaribia kuzimia, kwani hakujua kwamba hizo zingeujaza usiku wote. Vita vilipotokea, wengi walidhani safari imekufa. Yeye akashikilia kwenda, ila mapato yake yote ni ya Misri.

Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Miaka kumi na moja tu ilikuwa imepita tangu Ufaransa iishambulie Misri kwa ajili ya Suez, na mitano tangu Algeria ijipatie uhuru wake kwa damu. Rais Charles de Gaulle alikuwa ameweka marufuku ya silaha kwa nchi za Mashariki ya Kati siku chache kabla ya vita vya Juni, lakini magazeti na wasomi wengi wa Paris walikuwa wakishangilia ushindi wa Israel. Mwarabu aliyefagia barabara au kufanya kazi kiwandani katika vitongoji vya Paris aliinamisha kichwa asubuhi akienda kazini, kwa sababu alijua anachekwa.

Tarehe 13 Novemba 1967 Mwarabu huyo alivaa suti. Alikuja Olympia pamoja na mabalozi, matajiri wa Ghuba waliofika kwa ndege, wanafunzi, na Wayahudi wa Afrika Kaskazini waliokulia kwenye sauti hiyohiyo huko Tunis na Algiers na hawakuona sababu ya kuiacha. Ukumbi una nafasi kama 2,000. Aliimba "Inta Omri", wimbo wa 1964 ambao Muhammad Abdel Wahab alimtungia wakiwa wameshindana miongo mingi bila kushirikiana, na aliimba "Al-Atlal". Tamasha likaenda hadi usiku wa manane. Wafaransa waliokuwapo waliona jambo ambalo hawakulizoea katika muziki wao wa heshima: umati unaomkatiza mwimbaji kwa makofi katikati ya neno, naye badala ya kuudhika anarudi mwanzo. Katika usiku mmojawapo kijana mmoja aliruka jukwaani, akajitupa miguuni pake ili aibusu, na kumwangusha. Aliinuka, akatengeneza nguo yake, akaendelea kuimba. Siku mbili baadaye, tarehe 15, akaimba tena.

Kuna jambo dogo kuhusu safari hiyo ambalo Wamisri hawaachi kulisimulia. Mwandishi mmoja wa Kifaransa alimwuliza ni kitu gani kilichompendeza zaidi Paris. Akajibu kwamba ni ule mnara wa jiwe ulioko uwanja wa Concorde, kwa kuwa ni wetu. Mnara huo ni wa Mafarao, ulitoka Luxor na kusimikwa Paris mwaka 1836. Hakusema zaidi, na hakuna kasida ya kizalendo iliyoandikwa mwaka huo iliyopenya kama jibu hilo.

Je, ndani ya ukumbi ule alisema nini kuhusu vita? Hakusema kitu. Hakuhutubia, hakupeperusha bendera. Nyimbo zilikuwa za mapenzi mwanzo hadi mwisho. Lakini mtu aliyekaa miezi mitano akidharauliwa alikuwa ameketi mahali pa fahari katikati ya Paris, akisikia Kiarabu fasaha kikitamkwa na mtu anayekijua kila herufi yake, kwa maqam zilizokuwapo kabla ya Napoleon kukanyaga Iskandaria mwaka 1798. Alikuwa na haki ya kupiga kelele, na kelele yake iliitikiwa. Hiyo ilitosha.

Baada ya Paris alizunguka nchi za Waarabu kama balozi, na kwa kweli alipokelewa hivyo, na marais na wafalme. Morocco, Tunisia, Kuwait, Lebanon kwenye mahekalu ya Baalbek. Libya alifika mwaka 1969, miezi michache kabla ya Muammar Gaddafi kumpindua Mfalme Idris. Popote alipokwenda mapato yalikuwa ya vita, na inakadiriwa kwamba jumla ilizidi dola milioni 2 za Marekani. Alikuwa pia na busara moja ambayo wanasiasa wa Cairo hawakuwa nayo. Umoja wa Waarabu chini ya Nasser daima ulinuka Misri, na Wasyria walijitoa katika muungano wao na Misri mwaka 1961 kwa sababu hiyo. Bibi yeye alichukua mashairi ya wengine akayaimba: George Jurdaq wa Lebanon, Nizar Qabbani wa Syria, Abdallah al-Faisal wa Saudi Arabia, Muhammad Iqbal aliyetoka Bara Hindi. Alipokwenda Sudan Desemba 1968, aliondoka na nia ya kuimba shairi la Msudani, na baada ya kupitia diwani nyingi likachaguliwa la al-Hadi Adam, mwalimu wa shule. Abdel Wahab akalitia lahani, likaimbwa mwaka 1971. Wasudani wa umri fulani, ukitaka kuwachangamsha, watajie hilo.

Si kila mtu alifurahi. Kulikuwa na waandishi waliosema waziwazi kwamba Waarabu wameshindwa kwa sababu ya nyimbo hizi hizi: taifa linalokesha likipiga kelele kwa ajili ya ubeti mmoja, walisema, haliwezi kuamka alfajiri kurusha ndege. Mshairi Ahmed Fouad Negm na mwenzake kipofu, Sheikh Imam, waliwacheka wakubwa wote wa zama hizo kwa nyimbo za udi mmoja zilizosambazwa kwa kanda, na mwaka 1969 wakatiwa jela. Negm alikuwa na shairi la kejeli kuhusu mbwa wa Umm Kulthum aliyemng'ata mwanafunzi maskini, na namna mkubwa alivyolindwa na mdogo akaachwa na jeraha lake. Hoja hiyo ina uzito. Bibi alikuwa mtu wa dola, aliishi kama mtu wa dola, na utawala uliosababisha kushindwa ulijifunika kwa sauti yake.

Na wale waliokuwa mstari wa mbele hawakumngoja yeye. Katika miji ya Mfereji, Suez, Ismailia na Port Said, iliyopigwa mizinga mfululizo baada ya Juni 1967 hadi mamia ya maelfu ya watu wakahamishwa, wimbo wa mapambano ulikuwa wa simsimiyya, kinubi kidogo cha wavuvi na mabaharia. Kapteni Ghazali na kundi lake la Wana wa Ardhi waliimba mjini Suez, mahandakini na kwenye vifusi, bila tiketi wala redio. Mtu akiuliza nani aliwaimbia waliokuwa wakipigana, jibu ni hao.

Kuhusu fedha pia tusijidanganye. Dola milioni 2 hazingeweza kurudisha hata sehemu ndogo ya ndege zilizoteketea asubuhi moja. Silaha zilizorudi Misri zilitoka Muungano wa Sovieti, kwa mahesabu ya Moscow. Lakini anayepima matamasha yale kwa fedha anapima kisichokuwa chenyewe. Juni 1967 redio ilikuwa imewadanganya watu siku nzima nzima, na neno la serikali likawa halina thamani. Sauti pekee kutoka redio hiyohiyo ambayo watu waliendelea kuiamini ilikuwa ya Alhamisi usiku, kwa kuwa haikuwahi kuwaahidi ushindi. Ilikuwa ikiwaeleza kwa miaka 30 habari za kupoteza, na jinsi ya kupoteza bila kujidhalilisha.

Septemba 1970 alikuwa Moscow kwa matamasha yaliyopangwa huko. Tarehe 28 Nasser akafariki kwa ugonjwa wa moyo, naye akavunja kila kitu na kurudi nyumbani. Figo zilikuwa zikimsumbua, na mwanzoni mwa 1973 matamasha yake yalikuwa yamekoma. Oktoba mwaka huo majeshi ya Misri yaliuvuka Mfereji. Alikuwa hai kulisikia hilo, lakini hakuwa na nguvu za kusimama jukwaani kuliimba.

Alifariki tarehe 3 Februari 1975. Siku ya maziko serikali ilikuwa imepanga msafara wa heshima, wenye wageni na safu zake. Watu waliujaza mji, wakalichukua jeneza kutoka kwa wabebaji na kulipitisha mabegani, kutoka mkono hadi mkono, kwa njia waliyoitaka wao, hadi msikiti wa Sayyidna Hussein, akasaliwa huko. Makadirio ya umati hufika mamilioni.

Misri ilipotia sahihi mkataba wa amani na Israel mwaka 1979, iliuacha wimbo wa taifa wenye kuiamkia silaha na kuchukua "Biladi" wa Sayyid Darwish, mtunzi wa zama za 1919. Iraq nayo ikauacha mwaka 1981. Leo "Wallahi Zaman" hutafutwa na wanaopenda historia. "Al-Atlal" unapigwa kila siku katika mikahawa ya Cairo, Khartoum na Tunis, na rekodi ya Olympia inapatikana kwa urahisi. Ndugu msomaji, itafute, tenga saa nzima, usiruke kipande, na ukifika kwenye ubeti wa pingu wasikilize zaidi wale walioketi kuliko anayeimba.